Wakuu, shira ya mti inagoma kuwa nzito, naomba msaada

Mhamiaji_VT: Habari za usiku wakuu. Nipo Vermont, Marekani. Nyuma ya nyumba kuna mepo, ule mti ambao jani lake liko kwenye bendera ya Kanada. Kipindi hiki usiku ni barafu, mchana inayeyuka, ukiutoboa maji yanadondoka kwenye ndoo. Wenyeji wanayachemsha wanapata shira. Nami nimechemsha lita 20 tangu asubuhi, zimebaki vikombe vitatu, bado majimaji. Nakosea wapi? Nataka niwe nimemaliza kabla ya Jumamosi.

Mzee wa Ipogolo: Kwetu Iringa ulanzi, ile pombe ya mwanzi, hauchemshwi. Unakata chipukizi la mwanzi, unatega mbeta (kile chombo cha kukingia), asubuhi unakuta povu. Marehemu babu alikuwa anarudi shamba anaimba. Nyie mna shida gani?

Bint_Sahare: Hujakosea, hujamaliza. Lita 40 za maji hayo hutoa lita 1 tu ya shira, kwa hiyo zako ni nusu lita. Weka kipimajoto: ikipita pale maji yanapochemkia kwa digrii 4, epua. Jumamosi kuna nini?

Mhamiaji_VT: Kuna mgeni tu.

Bint_Sahare: Mgeni gani? Na unachemshia wapi?

Mhamiaji_VT: Jikoni, nje kunaua. Mgeni ni mama mwenye nyumba. Mvuke umebandua karatasi za ukutani kuanzia jiko hadi dirishani, zinaning'inia kama gamba la nyoka. Na mti ni wake. Ila alishaniambia nijione niko kwangu, na jumuiya nimeshawaahidi chupa 10 za Pasaka. Kuacha siwezi.

Nyundo: Umetoboa mti wa watu bila kuomba halafu unatuuliza shira! Ungekuwa mkorosho wa baba yangu ungelipa mbuzi.

Kijiti: Mgema huyu kasifiwa kabla hajagema 😂

Fundi_Hesabu: Chai hii. Chupa 10, hata za nusu lita, ni lita 200 za maji ya mti. Tundu moja msimu mzima linatoa kama lita 40. Una mti mmoja. Picha hamna. Huyu yuko Buza anachemsha sukari guru.

Mhamiaji_VT: Matundu ni manne. Mti mnene, nikiukumbatia mikono haikutani. Picha siweki, ukuta utaonekana.

Bint_Sahare: Manne! Mti mnene sana ni matatu, mwisho. Ziba tamaa, hamishia jiko nje, na mpigie huyo mama leo kabla hajajionea mwenyewe.

Mhamiaji_VT: Nitampigia ikishakolea. Nikimpelekea chupa moja atanielewa.

Fundi_Hesabu: Picha ya ndoo basi.

Mzee wa Ipogolo: Tuachane na ukuta. Ukiyaacha maji hayo siku tatu bila kuchemsha, yanachacha au hayachachi?