Fankisheni ndani ya .bashrc inakataa kusomwa upya

Wakuu, nimeandika fankisheni (kundi la amri lililopewa jina) tafuta() ndani ya .bashrc, faili ambalo Bash, programu inayopokea amri kwenye terminali, hulisoma kila terminali mpya inapofunguliwa. Nikifungua terminali mpya inafanya kazi vizuri, lakini nikilisoma upya faili hilo kwa amri ya source, Bash inalalamikia mabano yanayofuata jina. Tatizo ni nini?

Jibu: Endesha type -a tafuta, ikuonyeshe kila kitu chenye jina hilo. Inaelekea kuna lakabu (alias, yaani jina fupi la amri nyingine) yenye jina hilohilo chini ya fankisheni hiyo kwenye faili. Katika usomaji wa pili lakabu tayari ipo, nayo Bash huipanua (huweka amri yake mahali pa jina) kabla ya kutambua kwamba unaunda fankisheni. Ifute lakabu, kwani haiwezi hata kupokea $1 (neno la kwanza linaloandikwa baada ya jina) kama fankisheni ipokeavyo.

Mwuliza swali: Nimeifuta, lakini kosa limebaki.

Jibu: Endesha unalias tafuta, kwa sababu kuifuta kwenye faili hakuiondoi katika terminali iliyokwisha kufunguliwa.