Wakaguzi wa mifumo, acheni kuhukumu seva zetu kwa namba ya toleo

Wakuu, salaam.

Naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Ofisi yetu hapa Posta ililetewa wakaguzi wa usalama wa mifumo, wakaendesha programu yao ya uchunguzi, kisha wakakabidhi ripoti yenye mstari mwekundu: seva ya Debian 12 (mfumo endeshi wa familia ya Linux) inatumia OpenSSH 9.2 (programu ya kuingilia seva kwa mbali), toleo la zamani lenye mwanya wa usalama uliosajiliwa kwa namba CVE-2024-6387, hivyo iwekwe 9.8 ndani ya saa 48.

Mwanya huo ulikuwa umeshazibwa! Debian walitoa marekebisho tarehe 1 Julai 2024, siku ileile ulipotangazwa. Ndivyo toleo imara linavyotunzwa: Debian 12 ilipotoka Juni 2023 matoleo ya programu zake yaligandishwa, na tangu hapo, likigundulika tatizo la usalama, huchukuliwa kile kipande tu cha msimbo kinacholiondoa, kikapachikwa kwenye toleo lililopo, ili mengine yote yaendelee kufanya kazi kama yalivyozoeleka. Mifumo mingine ya Linux ilifanya vivyo hivyo: Ubuntu 22.04 ilibaki na OpenSSH 8.9 yake na Red Hat Enterprise Linux 9 ikabaki na 8.7, zote zikiwa zimetiwa kiraka.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba ushahidi ulikuwa mbele ya macho yao. Seva hiyo ikipigiwa hodi hujitambulisha kwa maneno "OpenSSH_9.2p1 Debian-2+deb12u3", na hiyo deb12u3 ndiyo inayoonyesha kwamba kiraka kimo. Kwenye ripoti wamekata mkia huo, wakabakiza 9.2p1. Nikawapelekea kumbukumbu za mabadiliko ya kifurushi (programu kama Debian wanavyoifungasha), ambamo namba ya mwanya imeandikwa waziwazi. Wakajibu kwamba programu yao haisomi hayo.

Uongozi ukaiogopa ripoti. Akaletwa fundi, akaikompaili 9.8 (yaani akaijenga mwenyewe kutoka msimbo) juu ya seva inayotumika bila kuwasha PAM, mfumo wa Linux wa kuthibitisha watumiaji wanapoingia, ambao katika msimbo wa asili hauwi ndani mpaka uuombe. Watumishi ambao akaunti zao hupitia PAM wakafungiwa nje, nami nikatoka Mbagala saa saba usiku kwa bodaboda kwenda kurudisha kifurushi cha Debian. Kama kazi ya fundi yule ingebaki, viraka vinavyoletwa na apt (programu ya Debian ya kusakinisha na kusasisha vifurushi) visingeifikia tena, na hapo ndipo tungekuwa hatarini kweli.

Mwenzangu mmoja alishauri nichukue toleo jipya kutoka bookworm-backports, hazina ya ziada ya Debian 12 (ambayo jina lake la utani ni bookworm). Hilo ni jambo jingine kabisa: huko huwekwa matoleo mapya yaliyojengwa upya ili yakubaliane na Debian imara, na timu ya usalama ya Debian haiyahudumii kama inavyohudumia toleo imara lenyewe.

Isitoshe, mwanya huu ni kosa la mwaka 2006 lililokuwa limerekebishwa, likarejea katika OpenSSH 8.5. Debian 11, yenye 8.4, haikuguswa nalo hata kidogo. Kwa kipimo cha wakaguzi hawa, seva yenye Debian 11 nayo ingepigwa mstari mwekundu.

Nimeandika barua ya tatu kudai mstari huo ufutwe, na Jumatatu naitwa kujieleza mbele ya kamati. Mwenye barua ya mkaguzi yeyote aliyekubali ushahidi wa namna hii, naomba aiweke hapa baada ya kufuta jina la ofisi yake.