Naomba ushauri: lehemu inajikunja tone, haitaki kutiririka

Wandugu mafundi, jambo zenu. Niko Bukavu, Kadutu, najifunza kulehemu fedha ya 925 (sehemu 925 kwa 1000 ni fedha tupu) kwa shalumo, yaani kichomeo, ndogo ya gesi, ile ya kujazwa kama kiberiti. Pete nyembamba zinakubali. Bangili ya unene wa milimita 4 ndiyo imenishinda: lehemu inajikunja tone, inabaki pale pale kama jicho la samaki, na fedha inageuka nyeusi. Nimepiga msasa maungio, nimepaka boraksi (dawa ya kusaidia lehemu itiririke), nimezungusha moto bangili nzima kwanza. Tofali ninalolilazia nalishuku, naona linanyonya joto.

Nikiilaza juu ya kipande cha mkaa, moto huu utatosha ao nitafute shalumo kubwa? Na ikishakuwa nyeusi, niongeze boraksi papo hapo ao nisafishe nianze upya? Mwenye bangili ana arusi juma lijalo.

Aksanti.