Dacha: ni shamba, ni nyumba au ni kitu gani?

Ntyuka_Juu: Wakuu, nahariri tafsiri ya hadithi za Kirusi. Mtafsiri kaandika "shamba" kila palipo na dacha, usadba na pomestye. Msomaji wa huku Dodoma akiona shamba anawaza mtama na karanga, kumbe wahusika wanakunywa chai barazani sura nzima, jembe hawaligusi. Dacha asili yake nini, na niweke neno gani?

Mwl. wa Kikuyu: Inatokana na kitenzi dat', "kutoa" au "kupa". Mwanzo ilikuwa ardhi ya kutunukiwa na mtawala. Mwanzoni mwa karne ya 18 Mfalme Peter wa Kwanza aliwagawia wakubwa wake viwanja kando ya barabara ya St. Petersburg kwenda Peterhof. Karne ya 19 maana ikahamia kwenye nyumba yenyewe: watu wa mjini wanaipanga majira ya joto, baridi ikikaribia wanarudi. (Usiandike "kiangazi". Kwetu kiangazi ni vumbi, na Juni usiku unatafuta blanketi.) Wanaosema imetoka Dach ya Kijerumani, yaani paa, wamedanganywa na sauti tu.

Mhariri_Zamu: Hizo nyingine zisichanganywe. Usadba ni jumba la kabaila pamoja na bustani, mazizi na nyumba za watumishi. Pomestye, kutoka mesto, "mahali", ilikuwa ardhi ya kupewa kwa sharti la kuitumikia dola. Iliyorithiwa tangu awali ni votchina, neno lenye shina la "baba". Amri ya 1714 ndiyo iliyozifuta tofauti hizo, zote zikawa za kurithisha. Kwa hiyo hadithi ikiwa ya kabla ya hapo, pomestye ukiiita "milki ya urithi" umeharibu kisa kizima. Kwa karne ya 19, "milki ya kabaila" inatosha.

Ntyuka_Juu: Na dacha ya enzi ya Kisovieti? Humu kuna bibi anapanda viazi kwenye "sotka sita".

Mwl. wa Kikuyu: Sotka moja ni mita za mraba 100, kwa hiyo bibi ana 600. Ekari ina kama 4,047, zinaingia dacha sita na chenji. Hicho ni kiwanja chenye kibanda na matuta. Hata hapo "shamba" ni kubwa mno.

Mhariri_Zamu: Acha "dacha" ilivyo. Mkazo wa Kirusi uko kwenye da-, sawa na wetu. Ngeli: dacha hii, dacha hizi. Ieleze mara ya kwanza ndani ya sentensi, "dacha, nyumba yao ya mapumziko nje ya mji", kisha endelea.