Vitabu vidogo sana, vya chapa ya mkono, au vya nakala zenye namba: kipi kinamfaa mkusanyaji wa pwani ya kusini?

Mkaazi wa Shangani (Mtwara)

Wanajukwaa, salaam kwenu. Malipo ya korosho yameingia, na baada ya kutenga ada za watoto na fedha za salfa ya mikorosho ya msimu ujao, imenibakia akiba ndogo ambayo mwaka huu nimenuia kuitumia kwa vitabu peke yake. Kwa miaka sita nimekuwa nikinunua chochote kilichonipendeza, na matokeo yake ni kabati lisilo na mwelekeo. Sasa nataka nichague njia moja.

Ninazolinganisha ni tatu. Ya kwanza ni vitabu vidogo sana, ambavyo kwa kipimo cha wakusanyaji wa Marekani havizidi inchi 3, yaani sentimita 7.6, kwa urefu, upana na unene. Ya pili ni vitabu vya chapa ya mkono, vilivyopangwa kwa herufi za madini ya risasi na kupigwa chapa kwenye karatasi nzuri na matbaa ndogo. Ya tatu ni matoleo ya nakala chache, yenye namba na sahihi, yanayotolewa na wachapishaji wakubwa. Chumba changu ni kimoja, dirisha lake linatazama bahari, na kabati ni la mninga. Naomba ushauri wa wenye uzoefu, hasa wa wale wanaoishi na upepo huu huu wa chumvi.

Fundi Jalada (Mikindani)

Ndugu yangu wa Shangani, mimi nashona na kujalidi vitabu, kwa hiyo ushauri wangu una upendeleo na sitauficha: chukua chapa ya mkono. Kitabu cha namna hiyo hujieleza chenyewe hata kama muuzaji hajui anachouza. Fungua ukurasa wowote, ugeuze nyuma, kisha pitisha ncha ya kidole taratibu. Kama kilipigwa chapa kwa herufi za risasi, mara nyingi utahisi vijinundu vidogo mahali ambapo herufi ziliingia kwenye karatasi, ilhali chapa ya kisasa huwa laini kama kioo. Inua ukurasa huo kuelekea mwangaza, na ikiwa karatasi imetengenezwa kwa mkono huenda ukaona mistari ya chekeche na alama ya mtengenezaji ndani yake.

Mfano ambao wote huurejea ni Kelmscott, matbaa ya William Morris iliyoanza Hammersmith, London, mwaka 1891. Kitabu chake kikuu, cha kazi za Chaucer, mshairi Mwingereza wa zamani, cha mwaka 1896, kilitoka kwa nakala 425 za karatasi na 13 za ngozi, chenye picha 87 zilizochorwa na Edward Burne-Jones. Jirani na hapo ilikuwapo matbaa ya Doves, ambayo mmiliki wake mmoja, Cobden-Sanderson, aliamua kwamba herufi zake zisije zikaangukia mikononi mwa mshirika wake, basi akawa anakwenda usiku kwenye daraja la Hammersmith na kuzimwaga mtoni Thames, mpaka zikaisha mwaka 1917. Mwaka 2014 wapiga mbizi walizipata baadhi yake. Nawaambia wanafunzi wangu kwamba yule mzee alikosea, lakini moyoni namwelewa.

Bila shaka hakuna kati yetu atakayenunua Chaucer wa Kelmscott kwa fedha za korosho. Hata hivyo zipo matbaa ndogo zinazofanya kazi hivi leo, ambazo hutoa vijitabu vya kurasa kumi na sita au ishirini vya ustadi ule ule, na zipo pia kurasa moja moja za vitabu vikubwa vilivyovunjika zamani. Onyo langu ni moja tu: usiguse nakala za ngozi ya ndama. Ngozi hunywa unyevu ikavimba na kujikunja, na kwa kaskazi letu utafungua kabati ukute jalada limepinda kama ganda la muhogo lililoachwa juani.

Binti wa Rutamba (Lindi)

Shikamoo Fundi. Kaka wa Shangani, mimi nakushauri vitabu vidogo, na sababu yangu ya kwanza ni hicho chumba chako kimoja. Mkusanyo wangu mzima wa vitabu thelathini na viwili unakaa ndani ya mkebe mmoja wa biskuti, pamoja na kifuko cha vidonge vya kukausha unyevu, na mfuniko wake hufunga vizuri kuliko kabati lolote la mninga. Nikihama nyumba, nauweka mapajani ndani ya basi.

Kilichoniingiza huku ni msahafu wa babu. Ulikuwa ndani ya kijaluba cha chuma ambacho mfuniko wake una lenzi ndogo, na urefu wa kitabu chenyewe haufiki sentimita 3. Nilipokuwa mtoto nilidhani ni pambo, hadi siku moja babu alipouweka kwenye kiganja changu, akashika lenzi juu yake, na aya zikatokea moja baada ya nyingine kama sisimizi wanaotoka shimoni kwa mstari. Ukubwani nilikuja kufahamu kwamba misahafu ya namna hiyo ilitolewa na David Bryce wa Glasgow karibu na mwaka 1900, kwa kupunguza maandishi kwa njia ya picha na kuyachapa kwenye karatasi nyembamba mno, na kwamba askari Waislamu wa jeshi la Waingereza waliibeba katika Vita vya Kwanza. Babu alisema wake ulitoka kwa askari aliyepita Lindi wakati wa vita vya Mahiwa, Oktoba 1917. Sina hati ya kuthibitisha hilo, ila najua kwamba Wanaijeria wengi walipigana pale, na Waislamu miongoni mwao hawakuwa wachache.

Kuhusu bei, kuna kisa ambacho kila mkusanyaji wa vitabu hivi hukipenda. T. E. Lawrence, afisa Mwingereza aliyepigana pamoja na Waarabu katika Vita vya Kwanza, anasimulia kwamba Auda, shujaa wa Kiarabu wa jangwani, aliununua msahafu wa aina hiyo kwa pauni 120 uwe kinga yake ya risasi, na tangu hapo hakujeruhiwa, ilhali ulikuwa chapa ya Glasgow iliyouzwa kwa peni 18. Kwa hiyo uliza kila mara: nanunua kitabu au nanunua hadithi yake?

Jambo la mwisho: picha za mtandaoni hudanganya. Mwombe muuzaji aweke sarafu kando ya kitabu, na aandike vipimo vyote vitatu. Mimi niliwahi kununua kitabu kilichotangazwa kuwa kidogo sana, na kilipofika kilikuwa na ukubwa wa daftari la mkopo la duka la jirani.

Mkaazi wa Shangani (Mtwara)

Dada, nashukuru. Je, ule msahafu wa babu unauhesabu katika hivyo thelathini na viwili?

Binti wa Rutamba (Lindi)

Hapana, kaka. Msahafu ule hauko kwenye mkebe wala hauna bei. Unakaa juu, mahali pake, umefungwa kwa kitambaa, na hushikwa kwa udhu. Hivyo vingine ndivyo ninavyovihesabu.

Mwalimu Mstaafu (Masasi)

Vijana, naomba niingie kwenye ile njia ya tatu, kwa kuwa nimeilipia karo. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua kutoka kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni kitabu kilichoandikwa kwa wino mwekundu “87/250” pamoja na sahihi ya mwandishi. Nilifurahi kwa muda wa mwezi mmoja. Kisha nikausoma kwa makini ukurasa wa mwisho, ule unaotaja idadi ya nakala, nikagundua kwamba zaidi ya hizo 250 zilikuwapo nakala 26 zenye herufi A hadi Z badala ya namba, nakala kadhaa za mwandishi na marafiki zake zisizouzwa, na toleo la kawaida la maneno yale yale lililotoka kwa maelfu. Muuzaji hakusema uongo hata neno moja. Ni mimi niliyesoma namba nikaacha sentensi.

Namba, wanangu, haisemi kitu mpaka uilinganishe. Limited Editions Club, iliyoanzishwa na George Macy huko Marekani mwaka 1929, ilizoea kutoa nakala 1,500 za kila kitabu, na vitabu vingi miongoni mwa hivyo ni kazi nzuri ya kweli, yenye sahihi ya mchoraji. Lakini kwa kuwa zilikwenda kwa wanachama waliojua tangu siku ya kwanza kwamba wananunua kitu cha kutunzwa, nyingi zimesalia, na ndiyo maana baadhi zake hupatikana kwa bei ambayo mtumishi wa serikali anaweza kuifikia. Yapo pia matoleo ambayo “uchache” wake maana yake ni kwamba walichapisha kwa kadiri ya watu walioagiza kabla ya tarehe fulani. Huo si uchache, huo ni mnada uliofungwa mapema.

Ninachojiuliza ni kwa nini hakuna aliyetaja njia ya nne, iliyoko mlangoni kwetu. Kitabu cha sarufi ya Kiswahili cha Edward Steere kilitoka mwaka 1870. Carl Velten alitoa Desturi za Wasuaheli mwaka 1903, na mkusanyo wake wa mwaka 1907, uliochapwa Berlin, una habari za Lindi kwa Kiswahili cha wakati ule. Utenzi wa Vita vya Maji-Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini, ambaye alikuwa mtu wa Lindi, ulitolewa mwaka 1957 kama nyongeza ya jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Vitabu hivi havikupigwa namba wala kutiwa sahihi, kwa sababu hakuna aliyetegemea kwamba vitakuwa adimu. Vilisomwa, vikaazimwa, vikafungiwa karanga. Kilichobaki ndicho chache, na hakuna anayejua ni ngapi.

Fundi Jalada (Mikindani)

Shikamoo Mwalimu. Nakubali kwa moyo, ila mikono yangu inakataa kidogo. Karatasi nyingi za miaka hiyo ya katikati ni za rojo la mbao, zenye asidi, na zinaendelea kujiunguza polepole hata zikikaa kabatini bila kuguswa. Vijitabu vilivyofungwa kwa pini za chuma ndivyo vibaya zaidi: pini hushika kutu, kutu hula mkunjo, na ukifungua katikati kurasa mbili hubaki mkononi. Mwaka jana nililetewa kijitabu cha aina hiyo kutoka Ndanda. Nilitumia asubuhi nzima kuzing'oa pini mbili kwa koleo la kushonea, kisha nikakishona upya kwa uzi wa pamba kupitia matundu yale yale. Kilipona, lakini kingoni kimebakia na alama za kahawia kama kidole cha mvuta tumbaku.

Atakayefuata njia hii na ajue matunzo. Ukungu huanza kuota unyevu wa hewa unapopita kama asilimia 65, kwa hiyo kipima unyevu kidogo kina faida kuliko kabati la gharama. Kitabu kilichoingiliwa na wadudu kitie kwenye mifuko miwili ya plastiki iliyofungwa barabara, kilaze kwenye friza la samaki kwa wiki nzima, kisha kitoe na ukiache siku moja bila kufungua mifuko, ili umande utokee nje ya plastiki na si juu ya karatasi. Friza huua wadudu, haiui ukungu. Na wewe wa Shangani, hamisha hilo kabati kutoka dirishani kabla hujanunua chochote.

Binti wa Rutamba (Lindi)

Na usisahau kumjulisha mwenye friza. Shangazi yangu nusura akipike kimoja pamoja na samaki wake aina ya changu.

Mkaazi wa Shangani (Mtwara)

Mwalimu, Fundi, dada, nimewasoma kwa makini mara tatu. Toleo lenye namba nimeliondoa, angalau kwa mwaka huu, kwa sababu Mwalimu ameshanilipia somo hilo. Vitabu vidogo vinanivutia, lakini nakiri kwamba macho yangu ya miaka hamsini na nne yangekuwa yanamiliki visivyosomeka. Nimegawa akiba hivi: sehemu kubwa itasubiri ule utenzi wa mwaka 1957 au kitabu chochote kinachoihusu Lindi kitakachojitokeza, na sehemu ndogo nitanunua kijitabu kimoja cha chapa ya mkono, ili nipate cha kupitishia kidole.

Kabati limehama leo jioni. Nyuma yake, ukutani, nimekuta ramani ya ukungu yenye upana wa mkeka, na kitabu cha chini kabisa kimeshikana na mbao. Fundi, Jumamosi utakuwapo Mikindani?

Fundi Jalada (Mikindani)

Nitakuwapo baada ya saa 4 asubuhi. Usikibandue. Kilete pamoja na ubao wake.