Naomba ushauri: Bedivere aliyemdanganya mfalme nimwite mwaminifu?

Wadau habari zenu, na wakubwa shikamooni.

Naandika upya kwa Kiswahili hadithi za Mfalme Arthur wa Uingereza, za kuwasomea watoto wa darasa la sita. Nimekwama kwa Bedivere, mmoja wa wapiganaji wa Arthur. Nafuata masimulizi ya Thomas Malory yaliyochapwa 1485. Arthur yuko hoi kwa jeraha, anamtuma akautupe upanga wake Excalibur majini. Bedivere anauona mpini umejaa vito, roho inamuuma, anauficha chini ya mti kisha anarudi kusema ameona mawimbi na upepo tu. Mara ya pili hivyo hivyo! Ya tatu ndipo anaurusha. Mkono unachomoza majini, unaudaka, unautikisa mara tatu, unazama nao. Halafu anambeba mfalme mgongoni hadi ukingoni.

Nilijaribu kuuruka ule uongo, hadithi ikapoa kabisa. Nikatazama kwingine: simulizi ya Kifaransa ya karne ya 13 inampa Girflet, mpiganaji mwingine wa Arthur, kazi hiyo, na kwa mwandishi wa kale Geoffrey wa Monmouth, Bedivere anafia vitani mapema, akipigana na Warumi. Hainisaidii.

Ungekuwa wewe, ungemtambulisha kama mwaminifu tangu mwanzo, au ungewaachia watoto waamue? Na cheo chake nikiiteje? "Shujaa mpanda farasi" ni refu mno kulirudia kila mstari, na niliposema "naiti" (yaani "knight" ya Kiingereza, inayosikika kama "night", usiku) mtoto mmoja akauliza kama ni mlinzi wa usiku.