Korosho ina stakabadhi, mpwa wangu hana hata nakala ya fomu

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu nauandika nikiwa na hasira na sitaificha.

Mimi ni karani wa chama cha msingi cha ushirika huku Tandahimba, mkoani Mtwara. Kazi yangu ni mizani na karatasi. Mkulima akileta korosho zake, hata ziwe kilo 12 kwenye kiroba, haondoki bila karatasi yenye jina lake, uzito na tarehe. Mfumo wa stakabadhi ghalani uliingia Mtwara msimu wa 2007/2008, na leo hata mzee asiyejua herufi moja anajua kwamba akipoteza kile kikaratasi hana la kudai. Sasa nielezeni inakuwaje mtoto wa miaka minne atolewe damu mara nne, anyweshwe dawa ambayo bado inajaribiwa, halafu mama yake arudi nyumbani na kadi yenye namba tatu tu.

Ilikuwa masika iliyopita. Dada yangu alimpeleka mwanawe zahanati ana homa kali, kipimo kikaonyesha malaria. Nje wakakuta vijana wa mradi na meza yao chini ya mwembe. Akaambiwa ipo dawa mpya, haina malipo, na kila akirudi kupimwa atapewa nauli 10,000, mwishoni chandarua. Mwezi wa nne huku kwetu pesa ya korosho imeshaisha zamani na mahindi bado mabichi shambani. Shilingi 10,000 mwezi ule si nauli tena, ni unga wa wiki. Mtu aliyepanga kiwango kile na msimu ule alipaswa kulijua hilo.

Fomu ilikuwa na kurasa tisa. Dada aliishia darasa la nne. Kijana alisoma mbiombio, foleni ndefu nyuma yake, mtoto analia mgongoni. Kisha: "Mama, weka dole hapa." Akaweka. Taratibu za utafiti zinataka mtu asiyeweza kusoma awe na shahidi asiyehusika na mradi, aone na asikie kila kilichoelezwa, ndipo asaini. Shahidi wa dada yangu alikuwa dereva wa gari lao.

Neno majaribio halikutamkwa. Nimemuuliza dada mara tatu, kwa upole, maana na yeye anajilaumu. Alichosikia ni "dawa mpya", na kwa mama mwenye mtoto anayetetemeka kwa homa, dawa mpya ni dawa iliyo bora kuliko ile ya zamani. Hakuambiwa kwamba wanaotafiti wenyewe hawajui bado kama ni bora, na kwamba ndiyo sababu ya kufanya utafiti. Hakuambiwa kwamba atakayepewa dawa ipi anapangwa kwa bahati nasibu, kwa bahasha iliyofungwa. Hakuambiwa kwamba angeweza kukataa na bado mtoto angepewa dawa mseto ya kawaida palepale dirishani. Hili la mwisho ndilo linaniuma zaidi. Alidhani akikataa mtoto hatibiwi.

Siku ya tatu usiku akanipigia simu. "Kaka, mtoto anakojoa mkojo mweusi kama chai ya rangi, na macho yamekuwa manjano." Nikakodi gari kwa 60,000 hadi hospitali. Daktari wa zamu akauliza swali ambalo daktari yeyote angeuliza: "Mama, mtoto amekunywa dawa gani?" Dada akajibu, "Ya mradi." Kichupa kina namba, hakina jina. Kadi haina simu. Wakuu, hebu fikirieni, daktari ana mtoto anayeishiwa damu mbele yake na hawezi kujua ameingiza nini mwilini! Majaribio ya namna hii, ambayo jina la dawa hufichwa nyuma ya namba, yanatakiwa yawe na mtu wa kupigiwa saa 24, anayeweza kuifungua ile namba na kusema ni dawa gani. Usiku ule hatukuwa na wa kumpigia.

Mtoto aliongezewa damu. Alipona. Najua atakuja mtu hapa kusema "si kapona, unalalamika nini". Huyo asubiri nimalize.

Nilipowafuata wiki iliyofuata, swali langu lilikuwa moja: mtoto alipimwa G6PD kabla ya kupewa dawa? Kwa wasiojua, hicho ni kimeng'enya kinacholinda chembechembe nyekundu za damu. Kuna watu wanaozaliwa na upungufu wake, hasa wavulana, na sehemu zenye malaria nyingi ndiko wako wengi. Baadhi ya dawa za malaria zikimwingia mtu wa aina hiyo, chembechembe zinapasuka na mkojo unageuka mweusi. Si habari ngeni. Dawa iitwayo Lapdap ilishasajiliwa na kuanza kutumika Afrika, ikaondolewa mwaka 2008 kwa sababu hiyohiyo. Kwa hiyo swali langu halikuwa la mtu mjuaji. Nikajibiwa kwamba taarifa za washiriki ni siri.

Siri dhidi ya nani? Siri imewekwa ili jirani na mwajiri wasijue ya mgonjwa. Haikuwekwa ili mama mzazi asijue ya mwanawe. Wameichukua kinga yake wakaifanya ukuta wao.

Wakaniambia pia kwamba mwenyekiti wa kijiji aliridhia. Mwenyekiti anaweza kuruhusu gari liingie kijijini na mkutano uitishwe. Damu ya mpwa wangu haiko chini ya mamlaka ya mwenyekiti. Kwetu Wamakonde hata mimi mjomba, ambaye kwa mila nina sauti juu ya mtoto huyu, nisingethubutu kuweka dole badala ya mama yake.

Haya mambo yana historia, na ni historia ya watu waliofanana na sisi. Kuanzia 1932 hadi 1972 huko Tuskegee, Marekani, wanaume weusi 399 wenye kaswende walifuatiliwa bila kutibiwa, wakiambiwa wana "damu mbaya", hata baada ya penisilini kuwa tiba inayojulikana. Mwaka 1996 huko Kano, Nigeria, katikati ya mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, watoto 200 waliingizwa kwenye jaribio la dawa ya Pfizer iitwayo Trovan, nusu wakapewa hiyo na nusu dawa nyingine. Watoto 11 walikufa. Wazazi walisema hawakujua kwamba ni jaribio. Kampuni ikakana kosa, na mwaka 2009 ikakubaliana na jimbo la Kano kulipa dola milioni 75. Someni tena maneno ya wale wazazi, halafu mkumbuke meza ya chini ya mwembe.

Na kanuni ya kwanza kabisa kati ya zile za Nuremberg za 1947 kuhusu kufanyia watu majaribio, zilizoandikwa ndani ya hukumu ya madaktari wa Hitler, ni ridhaa ya hiari ya mtu mwenyewe. Ridhaa, wakuu. Dole gumba ni wino tu.

Mimi si mpinga utafiti. Chanjo ya malaria ya RTS,S ambayo WHO iliipitisha mwaka 2021 ilijaribiwa kwa watoto wa Bagamoyo na Korogwe pia. Wazazi wale walikubali, na leo watoto wa nchi nyingine wanachanjwa. Ningependa Mtwara nayo itoe mchango kama huo. Lakini mnajua huku kwetu na kwa jirani zetu wa Lindi ilivyokuwa kazi kuwashawishi watu wameze kingatiba ya matende na mabusha. Uvumi ulienea, watu wakajificha mashambani. Baada ya usiku ule, akina mama wanne wa kitongoji cha dada yangu wameniambia hawatapeleka tena watoto kwa mtu yeyote mwenye fulana ya mradi, hata akija na chanjo ya surua. Kijana aliyesoma fomu mbiombio ameharibu kazi za watu wengi wasiomjua.

Ninachodai kiko wazi. Nakala ya fomu yenye dole la dada yangu. Jina la dawa iliyokuwa kwenye kichupa. Majibu ya vipimo vya damu vya mtoto. Fedha ya gari na ya hospitali, maana aliyeumia kwenye jaribio anatakiwa atibiwe kwa gharama ya wenye jaribio. Barua nimeandika mbili, moja inakwenda NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, kwenye kamati ya taifa ya maadili, nyingine TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, ambao ndio hutoa kibali cha majaribio ya dawa. Nitazituma Jumatatu kwa rejista, na risiti ya posta nitaipiga picha niiweke hapa.

Kama kuna mzazi wa Tandahimba, Newala au Nanyamba ambaye mtoto wake alipewa kadi ya rangi ya kijani yenye namba tatu, aje inbox. Nataka kujua kama kuna hata mmoja aliyepewa nakala.